Nani Atamwonyesha Bwana

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya korti ya familia, katikati ya jiji, mtoto akiwa amelala mgongoni. Mbele yangu walisimama wanawake wawili: mmoja wa rika langu, anayeomba talaka bila wakili, na mama mzee aliyembebea faili.

"Karatasi hazijamfikia bwanako," karani alimwambia. "Mpelekaji wa karatasi za korti amefika kazini kwake mara mbili. Wenzake wanasema hayupo. Asipozipokea, kesi haisongi."

"Si nimpelekee mwenyewe?"

"Hapana. Wewe ndiye unashtaki. Mpelekaji mwenye leseni ndiye hupeleka, kisha anaapa kwamba amempa. Na akikuona atajificha. Tafuta tu mtu mwingine anayemjua, amwonyeshe mpelekaji kwa kidole: bwana ni yule."

Mama mzee akaweka faili kwenye kaunta. "Nitamwonyesha mimi."

"Kwani wewe ni nani wake, shosho?"

"Nilimzaa."

Karani aliacha kuandika. "Na hutamwambia ajifiche?"

"Huyu msichana ameniogesha miezi mitatu nikiwa mgonjwa," alisema polepole. "Akitaka kuenda, aende vizuri, na karatasi yake mkononi." Kisha akamgeukia mkaza mwanawe. "Mpigie huyo wa leseni. Saa saba kijana wangu huwa anakula, na akila hakimbii."

Sisi wake vijana husema mama mkwe hujua kutetea wanawe tu. Nilipotoka pale nilimpigia mama mkwe wangu simu. Sikuwa na la maana, nilimuuliza tu ameamkaje.