Nukta ya Birika la Hulugho

Mutanu alizaliwa Mwingi, lakini amekuwa akichora mabango ya maduka mjini Garissa tangu usichana wake. Kiarabu hajui kukisoma. Hukinakili kwa jicho tu, kama mtu anayechora twiga.

Mwaka jana Zeinab, mwalimu wa madrasa, alimwita huko Hulugho apake upya maandishi ya Kiarabu yaliyofifia ukutani mwa birika la maji ya mvua. Marehemu baba yake Zeinab, Guleid, ndiye aliyelijenga na kutunga maneno yale: "Ee Mola, tubariki katika maji haya." Chini ya herufi moja ukuta ulikuwa umepasuka, basi Mutanu akaihamishia nukta yake juu. Akaona imependeza.

Zeinab alipokuja kutazama, alishika mdomo. "Wallahi, dada! Umeandika 'moto wako' mahali pa 'bariki'!"

Uso wa Mutanu ulimshuka. Lakini Zeinab alikuwa akicheka, huku akihesabu kwa vidole. "Na birika umelijenga baba akiwa kaburini."

"Kaburini? Vipi?"

Zeinab akamweleza kwamba kila herufi ya Kiarabu ina hesabu yake. Ukijumlisha herufi zote za dua ile unapata 1385, mwaka wa Kiislamu birika lilipojengwa. Nukta ikiwa chini, herufi ile ni mbili. Ikipanda juu, ni hamsini. Mwaka ulikuwa umesogea hadi 1433, Guleid akiwa ameshazikwa.

"Sasa kwa nini hakuandika tarakimu tu?"

"Hata mimi nilimuuliza. Akasema tarakimu mtu anaipita tu. Herufi atakaa nazo."

Mutanu aliifuta nukta, akaziba ufa kwa saruji. Wakingoja ikauke, alimsihi Zeinab ahesabu tena, herufi kwa herufi, mpaka yeye mwenyewe akapata jibu bila kusaidiwa. Ndipo akairudisha nukta chini.

Siku hizi hachori neno la Kiarabu bila kulijumlisha. Juzi Bare, mwenye hoteli karibu na soko la mifugo, alimwagiza aandike "Baraka" juu ya mlango. Mutanu akapiga hesabu akiwa kwenye ngazi.

"Bwana Bare, hoteli yako ni ya mwaka 227! Imepita miaka elfu na zaidi."

Alipomfafanulia, Bare aliacha kumimina chai. "Na jina langu je?"

Mutanu akashuka, akampa chaki aliandike kwa Kiarabu.