Mama Alipokuja Bila Kuku

Kwetu Bungoma, mama mkwe haendi kwa mkwewe mikono mitupu, na wala hampi mkono. Mume wangu, mtoto wa wakulima waliohamia huku kutoka Mkoa wa Kati, hakulelewa hivyo. Siku ya kwanza mama alipotutembelea hapa Kitale, mume wangu alimkimbilia langoni akiwa amenyoosha mkono, tabasamu hadi masikioni. Mama akarudi nyuma, akauficha wake ndani ya leso. Jogoo aliyekuwa kwapani akapiga kelele kwa niaba yao wote wawili. Nilicheka hadi nikaketi chini. Tangu hapo husalimiana kwa mbali. Mama ana kiti chake kando ya mlango wa jikoni, na mume wangu hujifanya ana kazi nyuma ya nyumba.

Mimi nina hasira za karibu. Mama akinipigia simu nikiwa kazini, namgombeza. Akiuliza nimekula nini, namgombeza zaidi. Naye hucheka tu, maana hiyo ndiyo salamu yetu.

Mimba yangu ya kwanza ilipofika mwezi wa nane, kichwa kilianza kuniuma na viatu vikakataa kuingia miguuni. Kliniki ya mwisho walikuwa wamenikuta mzima, kwa hiyo nikasema ni uchovu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mimi yangu niliyapa jina lingine. Jioni mama akapiga simu, akauliza nimekula nini. Nikamjibu taratibu kuwa ni ugali na mboga, nikamshukuru kwa kunikumbuka, nikamtakia usiku mwema.

Asubuhi nikamwona akisukuma lango. Hakuwa ametuarifu. Hakuwa na kuku, wala hata kikapu. Mume wangu alikuwa barazani akinywa chai, na aliweka kikombe chini kabla mama hajasema neno.

"Mama, kuna nini? Nani amekufa?" nikauliza.

"Hakuna. Nimekuja kukuona. Sikulala kabisa."

"Lakini mimi niko sawa. Si ni uchovu tu."

"Wewe ukiwa sawa unanigombeza. Jana umeniongelesha vizuri kama mgeni. Dada yangu pia alisema ati ni uchovu. Tulimzika na mtoto wake."

Nilijua nilikuwa na mama mdogo aliyekufa kabla sijazaliwa. Sikuwahi kuambiwa alikufaje. Nikataka kumgombeza mama papo hapo, nimwonyeshe kuwa mimi mzima, nikakosa nguvu.

Mama akapita kiti chake, akapanda barazani, akaushika mkono wa mume wangu kwa mikono yake yote miwili. "Baba, nisaidie. Tumpeleke hospitali."

Mume wangu hakuuliza swali hata moja. Alikwenda kuomba gari la jirani. Hospitalini presha yangu ilikuwa juu hivi kwamba muuguzi aliipima tena, asiamini, na siku hiyo hiyo nikapasuliwa. Daktari alimwambia mume wangu kuwa kama tungengoja hadi kesho yake, angekuwa na maneno mengine ya kumwambia.

Watu huniuliza mama alijuaje. Wengine husema alioteshwa, wengine husema ni bahati. Mimi nadhani ule woga wake ulikuwa na masikio. Ulinisikiliza tangu nilipolia mara ya kwanza, na haukumsahau dada yake. Namshukuru Mungu kwa mama aliyeuamini, na kwa mume aliyemwamini mama.

Binti yetu sasa anakimbia uani. Mama alirudi kwenye kiti chake cha jikoni, na mkono wake ukarudi ndani ya leso. Kila akija, mimi humtazama kwapani kwanza. Nikimwona kuku, moyo unatulia, naanza: "Mama, si nilikwambia uache kubeba kuku kwenye gari za watu?"

Naye, akiwa bado langoni, anacheka na kushukuru.