Mawaziri wa Boma Letu

Nililijua jina la Waziri wa Usalama wa Ndani kabla sijajua kusoma, kwa sababu ndilo jina langu. Mmoja wa waliomtangulia ni baba yangu mdogo, anayechuma chai nyuma ya nyumba yetu huko Birongo. Mwingine ni shangazi. Ndiyo, shangazi. Jina ni la kiume, na hospitalini waliwahi kumwandikia wodi ya wanaume kabla hawajamtazama usoni, lakini sokoro hakuona tatizo. Sokoro ndivyo tunavyomwita babu kwa Ekegusii, na katika boma lake kila mtoto alipewa jina la mtu aliyeshikilia wizara hiyo siku ya kupewa jina.

Sababu ilikuwa kazi. Sokoro alikuwa naibu wa chifu mpaka alipostaafu. Juu ya naibu wa chifu kuna chifu, na juu ya chifu kuna ngazi ndefu ya wakubwa inayoishia kwa waziri huyo. Hakuwahi kukutana na hata mmoja wao. Wizara ilibadilishwa jina, mawaziri wakaja na kuondoka, naye akabaki na kofia yake ya kazi na vikao vyake vya ugomvi wa mipaka.

Majina hayakuwa yakitolewa asubuhi. Sokoro alisubiri taarifa ya habari ya saa saba mchana ili ahakikishe kwamba waziri bado ni waziri. Ndipo akasimama mlangoni na kumwita mtoto kwa sauti, mara tatu. Utaratibu huo ulitokana na kosa. Binamu yangu aliitwa asubuhi, na saa saba redio ikatangaza kwamba mwenye jina amehamishiwa wizara nyingine. Jina lilikuwa limeshatamkwa, haliwezi kurudishwa. Mpaka leo binamu anaitwa Wa Zamani, na ameliandika nyuma ya bodaboda yake. Abiria wakimtania wakiuliza alifutwa kazi akiwa na umri gani, hujibu kwamba alikuwa hata hajanyonya cha mchana.

Nilicheka nao, lakini ndani nilikuwa naudhika. Nilipoingia chuo kikuu udhia ukawa maswali. Likizo moja nilizunguka soko la Nyakoe nikiwauliza wauza ndizi wanakumbuka nini kuhusu waziri mwenye jina langu. Mmoja alikumbuka helikopta iliyopeperusha mwavuli wake. Mwingine alikumbuka kwamba alikuwa mrefu, kisha akasita, akasema labda huyo mrefu alikuwa wa Elimu. Wa tatu aliniuliza kama natafuta kura. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika ya jambo moja: ofisi hiyo ilikuwa kubwa mno hapa kwetu, lakini waliokaa ndani yake hawakuacha hata hadithi ya kutosha kikombe kimoja cha chai. Na mimi ningebeba jina la mmoja wao mpaka kaburini.

Kwa hiyo binti yangu alipozaliwa mwaka huu niliapa kwamba hatalibeba jina la waziri yeyote. Mke wangu alisema jambo hilohilo kwa maneno machache zaidi, kwamba mtoto si kibao cha mlango wa ofisi. Tulikubaliana jina letu, tukalificha, na Jumapili tukampeleka mtoto Birongo.

Tulimkuta sokoro amevaa koti lake la baraza. Redio ilikuwa juu ya kigoda, imeshawashwa, inapiga muziki. Shangazi alikuwa jikoni, mlango wazi. Sokoro alimpakata mtoto, akamsifu kwa paji la uso, akatuuliza kama tumekula.

"Sokoro," nikasema, "leo redio haitatuambia jina."

Hakukasirika. Aliniuliza kwa upole kama nimesoma mpaka nikasahau kwetu. Nikamwambia sijasahau, nimeuliza tu. Kisha nikamtupia swali nililokuwa nimelibeba tangu Nyakoe: wale watu waliwahi kumfanyia nini hata awaabudu hivyo?

"Kuabudu?" Alinitazama kama mtu aliyepewa chenji ya uongo. "Hawakunifanyia kitu. Amri tu. Ita mkutano. Himiza watu wapande miti. Andaa uwanja, mkubwa anakuja, na mkubwa haji. Na waziri hajibiwi. Sasa jioni narudi hapa, nasimama mlangoni, nasema: wewe, lete kuni. Na waziri anakimbia."

Shangazi akatoa kichwa jikoni. "Tena mimi nilichapwa kwa niaba ya serikali nzima," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Miaka yote nilikuwa nimeandaa hoja dhidi ya mtu anayejipendekeza kwa wakubwa, na mtu huyo hakuwepo. Aliyekuwepo ni mzee aliyejitafutia njia ya kuwatuma maji waliomtuma yeye. Mzaha ulikuwa mzuri kuliko hoja zangu zote. Mke wangu alinitazama, aliona nalegea.

Muziki ukakatika, kengele ya habari ikaanza kulia.

"Ulicheka wewe, Sokoro," nikasema. "Sisi ndio tuliokimbilia kuni. Mimi ndiye niliyeulizwa kila shule kama ni mtoto wa mkubwa. Shangazi ndiye aliyeandikiwa wodi ya wanaume. Huyu hatakimbia kwa niaba ya mtu mwingine."

Msomaji wa habari akatoa salamu. Sokoro akanyoosha mkono, akazima redio kabla ya habari ya kwanza, na sikuwa nimewahi kumwona akifanya hivyo.

"Basi anaitwa nani?"

Tukamwambia. Alilirudia polepole, kama anaonja chumvi. Akasimama, akaenda mlangoni na mtoto mikononi, akamwita mara tatu kwa sauti yake ya baraza, mpaka baba mdogo akainua kichwa katikati ya michai.

Alipomaliza hakurudi kuketi. Akamwinamia mtoto, akamwita tena kwa jina hilo, chini chini safari hii, akamwambia alete kuni.

Mtoto alikuwa amelala fofofo.

"Hataki," nikasema.

"Naona," akasema sokoro, akamrudisha kwa mama yake, kisha akavua koti.