Mwenye Kumimina Hunywa Mwisho

Wewe uliyekaa kunisikiliza, kabla sijakueleza lolote, fumba macho kidogo usikie sauti moja. Si ya injini wala ya upepo. Ni ya magurudumu membamba, mengi mno, yakipita pamoja juu ya lami, kama mchele unaomiminwa kwenye ungo na mmiminaji hachoki. Hiyo ndiyo sauti ya mbio za baiskeli, na ndiyo peke yake niliyobaki nayo, kwani mbio zenyewe sikuziona. Zilinipita hatua chache kutoka miguuni, rangi zao zikinimetameta pembeni mwa jicho, na mimi nimeinamisha kichwa pamoja na jamaa zangu wote na majirani zetu wa mtaa wa Hail, tunatazama changarawe kwa aibu.

Nilikuwa na miaka kumi. Kila baridi ilipoingia, pale Maskati inapokuwa na hewa ya kumtoa mtu nje, waendesha baiskeli kutoka nchi za mbali walikuja kushindana katika barabara zetu za pwani na za milimani. Siku moja katika siku zao walipanda ile barabara ya mlima inayotoka Bausher kwenda Amerat, na huko ndiko watu wenye akili walikokwenda kuwatazama, kwa sababu kwenye tambarare wanapita kama mshale, lakini kwenye mlima hata mshale hupunguza mwendo. Bibi yangu mzaa baba, Bi Zuwena, alikuwa akizipenda mbio hizo kupita kiasi. Ndugu zake wa kiume walikuwa na baiskeli Unguja, yeye akakatazwa kuipanda, na nadhani tangu hapo kila baiskeli aliyoiona aliihesabu kuwa ni haki yake iliyochelewa. Lakini mtaani hakujulikana kwa hilo. Alijulikana kwa chuo chake. Asubuhi za siku za mapumziko, watoto wa Hail walijaa katika chumba chetu cha mbele kusoma Kurani, na wazazi wao waliotoka Unguja, na wengine waliotoka Tabora na Bujumbura, walimwita Maalim hata walipomzidi umri.

Sasa nikueleze kinywaji, maana bila ya kukielewa hutaielewa aibu. Bibi aliletewa zabibu kavu kutoka mlima wa Jabal Akhdhar, ndogo, nyeusi, zenye utamu wenye ukali kidogo mwishoni. Alizirowesha katika maji ya baridi pamoja na hiliki na kijiti cha mdalasini, akayaacha yalale usiku, na asubuhi maji yanakuwa na rangi ya chai nyepesi na harufu ya bustani iliyomwagiwa maji. Sisi tuliyaita maji ya zabibu. Wenye ilimu huyaita nabidhi. Ni kinywaji cha kheri, cha zamani sana, na Bibi mwenyewe ndiye aliyetufundisha mpaka wake. “Halali maadamu matamu na yametulia,” alikuwa akisema, fimbo yake ikigonga mkeka. “Usiku mmoja, miwili, mwisho mitatu. Yakianza kuchemka bila ya moto, khalas, hayo si maji ya zabibu tena. Huo ushakuwa mvinyo.” Watoto tulirudia kwa sauti moja, kuchemka bila ya moto, kuchemka bila ya moto, tukicheka, kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kitu hicho.

Msimu ule Ami Nasor, mdogo wake baba mwenye duka la vitambaa Ruwi, aliapa kuwa waendesha baiskeli watapanda mlima siku ya Jumanne. Bibi akarowesha zabibu Jumatatu jioni, dumu zima, akawaalika wazazi wa wanafunzi wake. Jumanne tukapanda na magari manne, mikeka, sambusa na chupa za chai. Tukakaa. Wakapita mbuzi. Ikapita gari ya polisi, askari akashusha kioo kuuliza kama tumeharibikiwa.

“Tunangoja baiskeli,” akasema Ami.

“Za keshokutwa?” akauliza askari.

Sijapata kuona watu wakicheka vile. Bi Salma, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alijifunika uso kwa mtandio mpaka mabega yakamtikisika. “Nasor, wewe hata harusi yako ulitaka kwenda siku mbili kabla!” Lakini Bibi hakukubali dumu lifunguliwe. Tulikunywa chai tu. Zabibu za mlimani, alisema, ni za kuwatazamia watu wanaotoka jasho, si za kuwatazamia mbuzi. Akahesabu kwa vidole: usiku wa jana, wa leo, wa kesho. “Mitatu. Bado tumo.”

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Ila alihesabu kama mtu aliyekulia katika nyumba yenye mtungi na kivuli. Dumu lilikuwa ndani ya buti la gari ya Ami, na wote tuliporudi nyumbani baba alidhani mama amelitoa, mama alidhani Ami ameliingiza kwenye friji ya duka, na Ami alidhani kitu cha Maalim hakiguswi bila ya ruhusa. Gari ikashinda juani Ruwi Jumatano nzima. Hata baridi ya Maskati, msikilizaji, ukiifungia ndani ya chuma mchana kutwa, inapika.

Alkhamisi tulipanda tena. Siku ile ilikuwa nzuri hata leo nikiifikiria naihurumia. Milima ilikuwa na rangi ya mdalasini, mikavu, kila jabali na kivuli chake kimesimama wima. Na nyuma yetu, chini kabisa, nyumba nyeupe za mji zikaenda mpaka zikagusana na bahari. Watu walikuwa wengi safari hii, wamepanga magari ukingoni, watoto wana bendera. Bibi akakaa mkekani, akalivuta dumu, akafungua kifuniko. Kikatoa pumzi. Pfff, kama mtu aliyechoka kusubiri.

Mimi ndiye niliyeshika sinia ya vikombe, kwa hiyo nilikuwa karibu naye kuliko wote. Niliona viputo vidogo vikipanda ubavuni mwa kikombe, na pua yangu ikapata harufu ya siki na ndizi iliyopitiliza. Nikasema, si kwa sauti kubwa, “Bibi, mbona yanachemka?” Bibi alikuwa anamsalimia Bi Salma kwa maneno marefu, hakunisikia. Mama alinisikia. Akanitazama. Kila mtoto aliyelelewa na Mswahili analijua jicho hilo, halihitaji tafsiri. Akaniegemea sikioni: “Mtu hamtoi mkubwa makosa mbele za watu. Peleka vikombe.” Uso wangu ukawaka moto, nikaona nimevunja adabu, nikapeleka vikombe.

Na wao wakanywa. Hapa ndipo ninapotaka unielewe vizuri, kwa sababu watu wale hawakuwa wajinga. Nilimwona baba akinywa, akasimamisha kikombe hewani kidogo, kisha akamaliza. Nilimwona Bi Salma akikunja pua na kuikunjua haraka, akasema, “Mashaallah, Maalim, leo yana nguvu.” Babake Hilali, ambaye wanawe watatu walisoma kwetu, alinywa kwa macho yaliyofumbwa kama anayekunywa dawa, akashukuru. Kila mmoja alimtazama jirani yake, akaona jirani amekunywa, akajiambia kuwa basi ni ulimi wake yeye ndio mbovu. Ami Nasor peke yake aliomba cha pili. Alianza kucheka kila kitu, hata bendera, na mpaka leo nyumbani kwetu kuna mjadala kama kilikuwa kinywaji au ni Nasor tu.

Bibi hakunywa. Kwetu mwenye kumimina hunywa mwisho. Ni adabu tuliyofunzwa na dini na wazee, ili mgeni asikose. Alimimina macho yakiwa barabarani, mpaka wote wakapata, ndipo akajimiminia kilichobaki. Kwa mbali watu wakaanza kupiga makofi: waendesha baiskeli wa mbele wanapanda kona. Watoto wakasimama. Bibi akainua kikombe, uso wote ukiwa na furaha ya baiskeli, akapiga funda moja.

Hakulimeza. Alilishika mdomoni, akageuka pembeni, akalitema kwenye changarawe, akafuta midomo kwa ncha ya kanga yake. Kisha akasema kwa sauti ile ya chuoni, ile tuliyozoea kuirudia: “Msinywe. Umeshakuwa mvinyo.”

Hakuna aliyeshtuka, na hilo ndilo lililomjulisha. Akatutazama mmoja mmoja. “Mlijua?”

Bi Salma ndiye aliyejibu, polepole. “Maalim, nani wa kukwambia wewe? Wewe ndiye uliyetufundisha.”

“Mmejua, na mmekunywa?”

“Tumekuheshimu, Maalim,” akasema babake Hilali.

“Heshima gani hiyo?” Sauti ilimkatika katikati. “Heshima gani ya kuniacha nikunywesheni haramu kwa mkono wangu?”

Wakati huohuo kundi kubwa likafika. Ndiyo ile sauti niliyokwambia. Walipita mbele yetu wakitweta, karibu kiasi cha kuweza kuwagusa, watu wote mlimani wanapiga kelele, na mkekani kwetu hakuna kichwa kilichoinuka. Bibi alikuwa ameupa mgongo ule mlima na zile baiskeli alizozingoja mwaka mzima. Sauti ilipokwisha, akaomba chupa ya maji. Tukasukutua vinywa kwa zamu, wakubwa na wadogo, tukipishana kando ya barabara kama wanafunzi walioadhibiwa, na wapita njia wakitutazama bila ya kuelewa. Bibi akakataza mtu yeyote kushika usukani kabla ya magharibi. Tukakaa. Magari ya wengine yakashuka yote, bendera zikashuka, na sisi tumebaki na sambusa zilizopoa ambazo hakuna wa kuzila. Hata Nasor aliacha kucheka.

Ijumaa chuo hakikufunguliwa. Wala Jumamosi. Watoto walikuja na misahafu yao, baba akawarudisha mlangoni. Wiki ya pili ikapita, Bibi anakaa chumbani na uradi wake, na mama anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nilielewa, kwa akili ya miaka kumi, kwamba kama Bibi hatafundisha tena basi kitu katika nyumba yetu kitakuwa kimekufa na sisi tumekiua kwa kunyamaza. Waswahili husema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Lakini aibu ile ilikuwa ya mtu aliye hai, na waoshaji tulikuwa wote.

Siku moja baada ya alasiri Bibi akaniita, mama akiwepo. “Vikombe vilikuwa mkononi mwako. Hukunusa kitu?”

Nilimtazama mama. Niseme nini? Nikisema nilinusa, nitaulizwa kwa nini nilinyamaza. Mama akaweka chini kitambaa chake. “Alinusa, Mama. Alikuuliza kabisa. Mimi ndiye niliyemziba mdomo.” Akaanza kulia.

Bibi alimgeukia. Nilidhani atamgombeza. Badala yake akasema, “Ulijifunza kwangu. Mimi nilikuziba wewe ulipoingia nyumba hii kama bibi harusi, na kabla yako niliwaziba wanangu.” Halafu akaniambia nikafungue mlango wa mbele, nitandike mikeka, nimwambie Bi Salma kuwa kesho watoto waje. Na kesho yake somo la kwanza lilikuwa ni yale ya mlimani, yote, tangu Jumanne ya mbuzi mpaka funda alilolitema. Alilieleza mbele ya watoto na wazazi waliosimama mlangoni, bila ya kujitetea. Familia mbili hazikuwarudisha watoto wao. Babake Hilali aliwarudisha wake, na akakaa nyuma yao siku ile nzima, mtu mzima na ndevu zake, akisikiliza.

Ningependa kukwambia kuwa tulitibika. Sasa mimi naishi Mawaleh na nina binti wa miaka mitano. Bibi yupo bado, macho yamepungua nguvu, na mbio zikipita mimi humsimulia kwa simu jezi zina rangi gani. Mlimani siku hizi kila mkono una simu iliyoinuliwa, juisi ni za paketi, na watu hutazama baiskeli kupitia kioo kidogo kuliko kiganja. Baridi iliyopita tulikaa palepale na upande wa mume wangu. Mama mkwe wangu, mwanamke mwema sana, alitoa sambusa za samaki alizozipika tangu jana. Binti yangu akainusa ya kwake, akasema kwa sauti ya wazi, “Mama, huyu samaki ameoza.” Na mimi, niliyeyaona niliyoyaona, nilimtupia jicho. Jicho lilelile. Lilitoka kabla sijafikiri. Nikala sambusa mbili nzima nikitabasamu, na uso wa mwanangu ukawaka moto, akainama kutazama changarawe.

Tunayo methali ya asiyesikia la mkuu. Sijapata kusikia ya mkuu asiyesikia la mdogo, labda kwa sababu wanaotunga methali ni wakuu. Nilipomsimulia Bibi kwenye simu akasema, “Sasa unajua inavyotoka.” Hakunilaumu zaidi ya hapo. Lakini mwanangu tangu siku ile kila akitaka kusema jambo mbele za watu hunitazama kwanza machoni, na sipendi anachokitafuta humo.

Kwa hiyo nakuachia namna ya kuyatengeneza yale maji ya zabibu. Chukua zabibu kavu kiasi cha viganja viwili, zioshe, ziroweshe katika maji safi ya baridi pamoja na hiliki iliyopondwa. Yaweke kwenye friji, si mezani, na kamwe si ndani ya gari. Asubuhi yachuje. Kisha, kabla hujammiminia mgeni yeyote, mwite mtoto aliye mdogo kuliko wote nyumbani, mpe anuse, umsubiri aseme. Akikunja uso, mwaga.