Mikono ya Gauni la Msichana wa Japani

Mwezi uliopita nilirudi Butembo kwa mazishi, nikakata kijia cha nyuma ya soko ili nifupishe njia. Palipokuwa na nyumba ya mama fundi sasa wanauza saruji. Nilisimama kidogo, vumbi likiniingia puani, nikajikuta nacheka peke yangu. Pale ndipo nilipopakwa uso mweupe pe, nikiwa na miaka kumi, nikatembezwa mtaani kama bibi arusi. Acha nikusimulie.

Mama fundi alikuwa jirani yetu. Alishona uniforme za shule mwaka mzima, bluu na nyeupe, bluu na nyeupe, na cherehani yake ndiyo iliyotuamsha asubuhi kabla ukungu haujapanda. Mimi niliishi na bibi yangu, aliyeuza maharagwe ya Musienene. Nikitoka shule nilichambua maharagwe, kisha nikakimbilia kwa mama fundi kumwokotea pini sakafuni.

Siku moja alinunua balo ndogo ya tombola, zile nguo zilizokwisha kuvaliwa nchi za mbali, ili apate vifungo na zipu. Katikati ya makoti kulikuwa na gazeti la picha. Maandishi yake yalikuwa kama vijumba vidogo vilivyopangwa wima, na hakuna aliyeweza kuyasoma. Lakini picha zake! Wasichana wamesimama barabarani, watu wanapita nyuma yao, na kila mmoja amejipamba kwa jambo lake. Mmoja amejichora ndevu za paka. Mwingine ana machozi ya shanga shavuni. Na yule tuliyempenda ana uso mweupe, wekundu chini ya macho kama mwenye homa, na gauni lenye mikono iliyovimba kama maboga.

"Kuya uone, mutoto," mama fundi aliniita. "Hii mikono inasimama na nini?"

Wiki nzima hakushona vizuri. Aligeuza ukurasa ule juu chini, akaupima kwa futi yake, akaniinulia kitambaa begani, akakiacha kianguke, akaguna. Bibi yangu aliitazama picha mara moja tu. "Huyu ametoka ku mashine ya bunga, hakunawa," akasema, lakini hakucheka. Majirani walisema mabaya zaidi: kwamba ni kitabu cha walozi, na nyuso zile ni za wafu. Mama wawili walikuja kuchukua vitambaa vya watoto wao, wakavipeleka kwa fundi mwingine. Bibi akanikataza kwenda kule.

Mwalimu wetu, aliyetumwa kutoka Kasai na ambaye hakuizoea baridi ya Butembo hata siku moja, ndiye aliyetoa wazo. "Hii ni maandiko ya Japani, mimi pia sijue kuisoma," alimwambia mama fundi. "Lakini ku Beni kuko sista mumoja muzee, aliishi Japani miaka mingi. Muende mumuulize."

Jioni mama fundi akaja kusimama mlangoni kwetu, gazeti limefungwa ndani ya kitenge. "Mama," alimwambia bibi, "kesho naenda Beni. Kama ni maneno mabaya, nitalichoma mbele yako. Kama ni mazuri, nitashona."

Bibi aliendelea kupepeta. Mwishowe akasema, "Mutoto aende nawe. Atanisikilizia."

Tulipanda nyuma ya pikapu, juu ya magunia ya viazi. Tulivyozidi kwenda joto lilizidi, tukavua sweta, na kando ya barabara harufu kali ya kakao iliyoanikwa ikaanza kutufuata. Mama fundi alinunua nanasi, tukalila maji yakitiririka hadi viwikoni. Hakuwahi kwenda mbali namna hiyo. Aliuliza jina la kila mto.

Huko Beni, sista alivaa miwani, akalisogeza gazeti karibu na dirisha, kisha akacheka kama msichana. Akatusomea polepole, neno moja baada ya jingine:

"Miaka kumi na saba. Mwanafunzi. Gauni nimeshona mwenyewe, kwa pazia za bibi yangu. Nakuja mjini kila siku ya yenga, kila Jumapili, masaa matatu ndani ya treni. Leo uso wangu ni wa mwanasesere mwenye homa, aliyechelewa shule."

"Ni hiyo tu?" mama fundi akauliza.

"Ni hiyo tu, mama."

"Ameshona yeye mwenyewe." Mama fundi akaweka kidole juu ya picha. "Na mikono? Banaandika inasimama na nini?"

Sista akatafuta ukurasa mzima. "Hapana. Hiyo habakuandika."

Basi ikabidi mama fundi aigundue mwenyewe. Alikata pazia lake la chumbani, akalichovya katika maji mazito ya wanga wa muhogo, akalianika, likaanguka. Akachovya tena, akakunja mikunjo midogo midogo, akaipiga pasi ya makaa. Mara ya nne mikono ikasimama. Siku ya yenga, baada ya misa, alinivika, akanipaka poda ya watoto wachanga, na chini ya macho rangi ya mdomo aliyoikwangua ndani ya kopo lililokwisha. Tukashuka kijia, mlango baada ya mlango ukifunguka, hadi kwa bibi.

Bibi aliweka ungo chini. Nilimweleza yote niliyoyasikia Beni, kuhusu treni, kuhusu shule, kuhusu pazia.

"Na yule bibi yake, alikubali?"

"Habakuandika, bibi."

Bibi akalamba kidole gumba, akanishika kidevu, akanisawazishia poda. "Hapa haikuenea," akamwambia mama fundi.

Kabla ya Pasaka wasichana sita walikuwa na mikono kama ile, na wale mama wawili walirudi na vitambaa vyao. Baadaye mama fundi alihamia Mutwanga kwa binti yake, na sikumwona tena. Bibi hayupo. Gazeti liliozea kwenye unyevu wa nyumba. Barabara ya Beni, ambayo tuliipita tukila nanasi, leo mtu anaipita akisali, kwa hofu ya watu wenye bunduki.

Japani sijafika. Yule msichana naye lazima ni mtu mzima sasa, labda ana watoto, labda anakaa ofisini na nguo za kawaida. Hajui kwamba huku kwetu mwanamke mmoja alipanda juu ya magunia ya viazi, akasafiri siku nzima, kwenda kumuuliza alivyoshona mikono yake.