Paka wa Kutwa

Mtaa mzima ulimwita Bi Kengele, na yeye jina hilo alilipokea kama nishani. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa matroni wa bweni la wasichana, na alipenda kusema kwamba katika miaka hiyo yote hakuna msichana aliyechelewa kuamka mara mbili. Mara ya kwanza ulichelewa. Mara ya pili kopo la maji baridi lilishakufikia ukiwa bado unaota. Siku aliyostaafu, walimu walimpa saa ya ukutani na kumsindikiza hadi getini huku wakifuta machozi, na baadhi yao, tusidanganyane, walikuwa wakilia kwa furaha.

Nyumbani kwake kulikuwa na vyumba viwili na ua wa saruji, na aliviendesha vyumba hivyo kama bado vina vitanda themanini. Vikombe vilining'inia masikio yote upande mmoja. Shuka zilivutwa mpaka ungeweza kupigia pasi juu ya kitanda. Hata binti yake, mtoto wake wa pekee, msusi mwenye saluni yake sokoni, alikuja kumwona Jumapili tu, saa nane mpaka saa kumi, kama wazazi walivyoruhusiwa shuleni. Hakuna aliyempangia saa hizo. Alizoea tu, maskini ya Mungu.

Basi asubuhi moja, nyuma ya pipa la maji pale uani, Bi Kengele akamkuta mtoto wa paka. Wa kijivu, mbavu za kuhesabika, sikio moja limechanika, anamtazama kama mwanafunzi mgeni asiyejua ofisi iko wapi. Mama yake alikokwenda hakujulikani. Na kipupwe ndicho hicho kinabisha hodi: watu walishaanza kutembea wamekunja mikono, na pumzi za asubuhi zinaonekana.

"Mimi sifugi paka," alimtangazia fundi viatu, jirani ambaye kibanda chake kiliegemea ukuta wa ua ule na ambaye mdomo wake haukuwa na pazia. "Nampa chakula kwa ajili ya panya."

"Kwani una panya?"

"Sina. Na sitaki kuwa nao."

Chakula chenyewe kilikuwa kwa ratiba, mtatarajia nini tena? Saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni Bi Kengele aligonga sufuria kwa mwiko, ngo, ngo, ngo, na sahani ikawekwa. Ukichelewa, sahani inaondolewa. Yule mdogo alijifunza kengele kwa siku tatu. Paka wengine watano wa mtaa walijifunza kwa siku moja, wakaja wamejipanga ukutani, na Bi Kengele akawatimua kwa ufagio kwa kuwa hawakuandikishwa.

"Baridi hiyo inakuja," fundi viatu alimwambia. "Huyu utamwingiza ndani lini?"

"Ndani? Huyu ni wa kutwa. Anakula, anakwenda zake kwao."

"Kwao wapi, mama?"

Bi Kengele akamwambia ashone viatu, hiyo ndiyo kazi aliyoisomea.

Lakini alijua. Kwao ni pale pale nyuma ya pipa, juu ya saruji tupu. Na alijua kwamba mwaka uliopita, siku ya kwanza ya baridi kali, paka wadogo watatu waliokotwa mtaroni wamekauka kama soli. Alijua yote hayo, ila alikuwa ameshasema mbele ya mtu, na kurudisha neno lake kulimwia vigumu kuliko kumeza mfupa. Kwa hiyo akafanya wanavyofanya watu wagumu wote wakizidiwa: akaanza kudanganya. Jumatatu gunia likatandikwa nyuma ya pipa, eti pipa lisichubuke. Jumatano likaja boksi, eti alikuwa analitupa likaanguka hapo. Ijumaa ndani ya boksi mkaonekana sweta lake la sufi, zima kabisa, na alipoulizwa akasema limechakaa. Fundi viatu alicheka mpaka sindano ikamchoma kidole.

Jumamosi redio ikatangaza baridi kali kuanzia kesho yake. Bi Kengele hakulala vizuri. Alfajiri akaamua: atamwingiza, na fundi viatu aseme hadi ulimi uote sugu. Ila kanuni ni kanuni. Hakuna anayeingia bwenini kabla hajaogeshwa. Wasichana wote walipitia hapo siku ya kwanza, kwa sabuni ya mche na maji ya bomba, maana maji ya moto, kwa imani ya mwanamke huyu, hudekeza.

Ndiyo. Alimwogesha mtoto wa paka kwa maji baridi, Jumapili ya baridi, ili amwokoe na baridi. Akili ni nywele, kweli, na za wengine zimefungwa kilemba kikazikaza. Paka alipiga kelele mtaa ukasikia, akamchana mikono yote miwili, lakini Bi Kengele alishaogesha wakorofi kuliko huyo. Alimsugua, akamsuuza, akamweka juu ya boksi akauke kwa jua. Jua, ambalo halikuwahi kuwa mwanafunzi wake, likajiondokea. Upepo ukashuka. Yeye akaingia ndani kupiga deki.

Alipotoka, paka alikuwa amelala ubavu. Hatetemeki. Mwenye kutetemeka bado anapigana. Aliyeacha ndiye wa kuogopa, na hilo hakuna matroni asiyelijua.

"Jirani!" Ilikuwa sauti ambayo fundi viatu hakuwahi kuisikia. "Jirani, nimemuua!"

Fundi aliruka ukuta na kiatu cha mtu mkononi. Alimgusa paka, akampa Bi Kengele. "Mtie kifuani. Ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi. Nenda kajifunike, na usimtoe."

Safari hii mwenye amri alikuwa fundi viatu, na Bi Kengele alitii. Kitanda kile cha kupigia pasi kilivurugwa, blanketi zikavutwa kabatini, moja, mbili, tatu, na koti juu yake, na chini ya mlima huo mwanamke mzima akawa anasugua kimgongo chembamba kwa kidole na kunong'ona: "Amka, baba. Amka, mpenzi wangu. Usinifanyie hivi."

Hivyo ndivyo binti yake alivyomkuta saa nane. Alibisha, kimya, akaingia, akamwona mama yake kitandani mchana, kichwa wazi, macho mekundu.

"Mama! Unaumwa nini?"

"Shhh. Ameanza kupumua vizuri."

Kola ya gauni ikatikisika, kikatoka kichwa cha kijivu, kikapiga chafya. Binti aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. Aliwahi kuona mengi, lakini Bi Kengele ananyonyesha paka! Akacheka, akafuta macho, akatazama kitanda vizuri, na kicheko kikamkauka.

"Blanketi tatu," alisema.

Mama yake akalivuta koti juu, akamfunika paka hadi masikioni.

"Nilikuwa kidato cha pili. Homa inanitikisa mpaka kitanda kinalia. Nikakuomba blanketi ya pili, ukanijibu bweni zima linasikia: blanketi ni moja kwa kila mwanafunzi. Wenzangu ndio walionifunika, kwa masweta yao."

"Ningekupa wangesema napendelea. Mtoto wa matroni."

"Na huyu?"

Bi Kengele alimsugua paka mgongo. "Huyu hana wa kwenda kumwambia anasikia baridi."

"Na mimi nilikuwa na nani wa kumwambia?" binti aliuliza, taratibu tu. "Wa kumwambia si ulikuwa wewe?"

Kwa miaka ishirini na sita mwanamke huyu alikuwa na jibu la kila kitu, kuanzia chawa hadi barua za mapenzi. Leo machozi ambayo alikuwa akimlilia paka yakaendelea kutoka, sasa si kwa ajili ya paka. Kisha akajisogeza, yeye na mzigo wake wa kifuani, mpaka mgongo ukagusa ukuta, akainua pembe ya blanketi.

"Kuna baridi," alisema. "Njoo."

Binti alisimama. Alisimama muda wa kutosha kumwogopesha mtu. Halafu akautupa mkoba sakafuni, akapanda kama alivyokuja kutoka barabarani, na viatu vyake na tope lake, moja kwa moja juu ya shuka nyeupe.

Bi Kengele aliviona viatu. Akamfunika pamoja navyo.