Firigisi za Nyanya Jescah

Tangu mzee Chrispinus azikwe, miaka kumi na minne iliyopita, hakuna aliyewahi kuona firigisi katika boma la mjane wake, Nyanya Jescah, pale Iguhu. Si kwamba kuku hawakuchinjwa. Mapaja yalifika mezani, shingo ilifika, hata miguu yenye kucha wajukuu waliigombania. Firigisi haikufika. Na pale Iguhu kila mtu anajua firigisi ni ya mwanamume mwenye boma. Mwanamke huipika, huipakua, kisha huitazama ikienda. Ukiuliza ilipo, Nyanya alicheka mpaka akashika ukuta wa jiko. "Kuku huyu alizaliwa bila," alisema.

Muhonja, mjukuu aliyelelewa naye, aliacha kuucheka mzaha huo akiwa darasa la sita. Alikuwa amejumlisha mambo. Kila Alhamisi Nyanya alijifunga leso safi, akabeba kikapu kidogo kilichofunikwa, akaenda alikokuita maombini. Alirudi jioni ananukia moshi, midomo inang'aa, anaimba. Maombi gani yanampaka mtu mafuta mdomoni? Na mjane akificha firigisi, anamfichia nani kama si mwanamume?

Sasa Nyanya alikuwa amelazwa sebuleni ndani ya jeneza, mazishi ni kesho, na Muhonja ndiye aliyepewa kazi ya kusoma wasifu wake. Uliandikwa na Anko Protus, kifungua mimba, mtu anayeandika hata salamu kama barua ya chifu. Mstari wa tisa ulisema: "Tangu mumewe afariki, hakuna mwanamume mwingine aliyeufurahisha moyo wake."

Muhonja aliusoma mara tatu. Kusoma uongo mbele ya watu angeweza. Amekaa kanisani vya kutosha. Kilichomkereketa ni kile kicheko. Kicheko cha Nyanya kilivuka ua, kikavuka mahindi, kikawafanya majirani wacheke bila kujua sababu. Muhonja alidhani ni chao, watu wa nyumbani. Kama kilikuwa kikiwashwa mahali pengine kila Alhamisi na wao kubaki wakiota makaa yake, basi alimlilia mtu gani siku nne hizi?

Ndipo mshukiwa akaingia mwenyewe. Mzee Cleophas, aliyestaafu kazi ya msitu huko Isecheno, alifika Ijumaa asubuhi na kapu la uyoga, akavua kofia, akalia kuliko wenye msiba.

"Huyo ni wetu kwa upande gani?" Protus alinong'ona.

"Anasema alikuwa rafiki."

"Rafiki ndiyo analianga hivyo?"

Muhonja alikwenda kutega mtego. Chakula cha mchana kilipoiva, aliiweka firigisi juu kabisa ya sahani ya wazee, akaisukuma mbele ya Cleophas, kisha akasimama kando na jagi la kunawia. Aliyezoea kuletewa ataichukua bila kuuliza.

Cleophas aliitazama, akageuza sahani. "Hii ni ya Protus. Ndiye mwenye boma sasa."

"Kwani wewe hukuzoea?"

"Nizoee wapi, mjukuu? Miaka yote nimemletea Jescah uyoga, na hata shingo hakuwahi kunipa. Alinipa chai na vichekesho."

Protus alikuwa nje akizozana na watu wa hema. Muhonja akageuka kumnawisha mzee mwingine. Aliporudisha macho, firigisi haikuwepo. Aliyekuwa amepita hapo ni mmoja tu: Nyanya Awinja, rafiki wa marehemu, akikusanya vikombe.

Muhonja alimfuata hadi jikoni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na ndani mlikuwa na kicheko.

"Nani?"

"Muhonja."

"Tuko kwa maombi."

"Nyanya Awinja, fungua. Nimekuona."

Mlango ulifunguka kidogo, mkono ukamvuta ndani. Wajane watatu walizunguka mafiga. Firigisi ilikuwa juu ya makaa.

"Hayo ndiyo maombi ya Alhamisi?"

"Tulikuwanga wanne," Awinja alisema. "Kila mmoja analeta yake, imefunikwa. Tuliwapikia wanaume miaka arobaini, tukiambiwa ukionja utazaa mtoto wa ajabu. Siku moja Jescah akauliza, mtoto gani sasa, na mimi niko na miaka sitini na nane?"

"Na mimi? Kwa nini hakuniambia?"

"Wewe? Na huo mdomo? Si wangejua mpaka Lumakanda."

Awinja aliikata firigisi vipande vinne, akachovya kimoja kwenye chumvi. "Hiki ni cha Jescah. Kula, na usitoke ukilamba vidole."

Ilikuwa ngumu kama kandambili. Utamu wake haukustahili hata robo ya siri ile yote. Lakini wale wajane walikuwa wakitafuna huku wameegemea mlango, machozi yakiwatoka, wakicheka kile kicheko chenyewe, na Muhonja akajikuta anacheka nacho, kwa mara ya kwanza tangu darasa la sita.

Kesho yake aliusoma mstari wa tisa bila kufuta neno. Kisha akaongeza wake: "Hakuwahi kukosa maombi ya Alhamisi."

Kwenye benchi la nyuma, wajane watatu walikohoa ndani ya leso. Anko Protus, ambaye jana alirudi kwenye sahani akakuta shingo tu, firigisi haipo, aliinua kichwa polepole, akamkazia macho Mzee Cleophas.